Mshale wa Mafuta Unapodanganya: Kutafuta Kosa kwenye Gari la Zamani

Mwenye Toyota Corolla AE100, ile Kikumi yetu ya Uganda, akifika gereji kulalamikia geji ya mafuta, mara nyingi huwa ameshanunua kitu: dashibodi nzima ya mtumba, au floti mpya isiyo na jina. Wengine wameshashusha tangi na kulirudisha. Halafu kosa linakutwa kwenye skrubu ya ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) iliyoshika kutu chini ya kiti cha nyuma. Hapa tutakwenda kinyume: kwanza yale yasiyogharimu kitu, tangi lifunguliwe mwisho.

Geji inasoma nini

Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono mwembamba wa chuma. Boya likipanda au kushuka, kidole cha chuma kinateleza juu ya ukanda wa ukinzani, yaani unaouzuia umeme kupita kwa kiasi fulani. Kifaa hicho chote ndicho floti. Dashibodi haiyaoni mafuta, inaona ukinzani wa njia nzima: waya unaotoka mbele, soketi, ukanda, kidole, kisha ethi inayorudi kwenye bodi. Kutu ikiongeza ukinzani mahali popote njiani, geji inaihesabu kama mafuta yaliyopungua.

Toyota nyingi za petroli za miaka ya 1990 zinasoma omu (kipimo cha ukinzani) 110 hivi tangi likiwa tupu na omu 3 hivi likiwa limejaa. Maana yake waya ukikatika mshale unalala E, na waya ukigusa bodi mshale unapanda F. Lakini usimpe ushauri huu jirani mwenye gari la Marekani bila kuuliza: General Motors kwa miaka mingi walitumia 0 kwa tupu na 90 kwa kujaa, kwa hiyo kwao waya uliokatika unaonyesha tangi limejaa. Floti nyingi za kampuni ya VDO za magari ya Ulaya zinaanza omu 10 likiwa tupu na kupanda hadi 180. Jua kwanza gari lako liko upande gani. Majibu yote yanayofuata ni ya Toyota na jamaa zake wa Japani. Kwa wengine yageuze.

Yasiyo ugonjwa

Petroli ya shilingi 20,000 ni lita chache tu. Tangi la Kikumi linabeba lita 50. Mshale ukisogea upana wake tu baada ya hapo, hakuna kilichoharibika, na mhudumu wa pampu hajakuibia. Ukishuku kipimo cha kituo, angalia kama pampu ina lakiri ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kisha linganisha na kituo kingine kabla ya kugombana na mtu.

Mshale wa Toyota nyingi za wakati ule umelowekwa ndani ya mafuta mazito ya silikoni ili usirukeruke kwenye mashimo. Unatembea polepole, na ukizima swichi unabaki palepale ulipokuwa. Ukijaza tangi huku gari limezimwa, utakapowasha utaukuta bado chini. Upe dakika moja au mbili.

Kukaa F kwa kilomita 80 au 100 bila kushuka ni kawaida, kwa sababu boya hugota dari kabla tangi halijajaa kabisa. Robo ya mwisho kwisha haraka pia ni kawaida kwenye matangi yaliyobanwa upande wa chini. Na ukipanda milima ya kutoka Kabale kwenda Kisoro, mafuta yanalala upande mmoja wa tangi, mshale unafuata. Soma geji mahali pa tambarare.

Muulize shahidi wa pili: taa ya akiba

Watu wengi hudhani taa ya njano inafuata mshale. Kwenye Toyota nyingi za zamani haifuati. Ina waya wake na kidonge chake kidogo cha themista kilichofungwa chini ya floti. Kikiwa ndani ya petroli kinapozwa. Petroli ikishuka chini yake kinapata joto, ukinzani wake unaanguka, taa inawaka. Haina kidole wala mkono wa kupinda.

Kwa hiyo mshale ukisema nusu na taa ikawaka, amini taa na utafute kituo. Mshale ukilala E wiki nzima bila taa kuwaka, huenda mafuta yapo na mshale ndio mgonjwa, ila hakikisha kwanza balbu ya taa haijaungua. Magari ya karibuni zaidi yanawasha taa kwa hesabu ya kompyuta inayotokana na floti ileile. Kwa hayo, taa na mshale ni shahidi mmoja.

Pima ncha mbili kabla ya kushika spana

Hili ndilo nisiloruka hata mteja akiwa na haraka. Tembeza gari mpaka taa iwake, ukiwa na jerikeni la petroli la akiba (la petroli, si lile la mafuta ya kupikia). Andika mshale uko wapi. Kisha jaza mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, andika lita zilizoingia na mahali mshale ulipotulia. Tangi la lita 50 lililomeza lita 42 au 43 baada ya taa kuwaka linakuambia taa ni ya kweli.

Sasa angalia uongo uko upande gani. Chini sawa lakini juu haifiki F: shuku ethi au soketi chafu. Sababu ni hesabu tu. Kutu ikiongeza omu 15, tangi tupu linasoma 125 badala ya 110, na mshale uko chini tayari, hutaona kitu. Tangi lililojaa linasoma 18 badala ya 3, na hapo mshale unabaki nyuma waziwazi. Kasoro ya ethi hujificha chini na kujionyesha juu.

Uongo ukiwa wa kiasi kilekile njia nzima, mkono wa boya umepinda au floti si ya gari hilo. Mshale ukigoma kushuka chini ya robo kisha gari likazimika, lala chini ulitazame tangi: jiwe la barabara ya changarawe likilibonyeza kwa ndani, boya linakaa juu ya uvimbe na haliwezi kufika chini. Tangi hujibonyeza lenyewe pia. Mfuniko wa asili ukipotea, watu wanaweka wowote unaofunga, hata kitambaa na mfuko wa plastiki. Hewa isipopata njia ya kuingia, pampu inanyonya mpaka kuta zinaingia ndani. Ukifungua mfuniko na kusikia pumzi ndefu ikivutwa, anzia hapo.

Mshale umelala E, haunyanyuki

Anza na fyuzi ya geji. Kama taa za onyo za dashibodi na geji ya joto vimekufa pamoja na mshale wa mafuta, huna haja ya kwenda nyuma ya gari.

Fyuzi ikiwa nzima, nyanyua kiti cha nyuma. Kwenye saluni nyingi za Toyota kuna kifuniko kidogo cha bati kilichoshikwa na skrubu au gundi, na chini yake soketi ya floti. Gari la injekta lina nyaya za pampu ya mafuta papo hapo: za pampu ni nene, wa geji ni mwembamba. Usikosee, ukiunganisha waya wa pampu na bodi utaunguza fyuzi au zaidi.

Chomoa soketi. Chukua balbu ndogo ya dashibodi ya wati 3.4, ndiyo vitabu vya ufundi vya Toyota vinavyoelekeza, uiunganishe kati ya waya wa geji upande wa gari na ethi. Washa swichi bila kuwasha injini. Balbu inapaswa kuwaka na mshale kupanda kuelekea F, polepole. Mafundi wengi hugusisha waya moja kwa moja kwenye bodi. Geji za koili hustahimili kwa muda mfupi, zile za zamani zaidi za bati la joto zinaweza kuungua. Balbu inagharimu pesa ya chapati, itumie.

Mshale ukipanda, dashibodi na waya mrefu viko salama. Kosa ni la floti au ethi yake. Usipopanda, waya umekatika njiani au geji imekufa. Fuata waya kwa multimita (kipima umeme) toka nyuma kwenda mbele, ukiangalia hasa pale unapopita chini ya zulia la mlangoni, panapoingia maji gari linapooshwa.

Ukishajua tatizo liko nyuma, pima ethi kabla ya floti. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya ethi upande wa gari, nyingine kwenye chuma safi cha bodi. Isome chini ya omu 1. Ikisoma zaidi, tafuta skrubu ya ethi, ifungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Gereji zetu zinabadilisha floti nyingi ambazo dawa yake ilikuwa msasa.

Mwisho pima floti yenyewe kupitia pini zake: kati ya omu 3 na 110, kulingana na mafuta yaliyomo. Multimita isiposoma kitu, ukanda umekatika au kidole hakigusi. Ikisoma 110 daima na una hakika mafuta yapo, boya limetoboka na kuzama, au limechomoka kwenye mkono.

Mshale umesimama F

Hapa ni haraka. Chomoa soketi ya floti, washa swichi, subiri. Mshale ukishuka, kosa liko ndani ya tangi: boya limekwama juu au pini zimegusana. Ukibaki F, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Uliza nani amefunga redio hivi karibuni. Skrubu ya spika iliyopigwa nyuma bila kutazama kilicho chini yake imenipa kazi nyingi kuliko kutu.

Mshale unacheza

Unapanda robo, unashuka E, unapiga tuta unarudi nusu. Ukanda wa floti umelika au umeshika uchafu, na kidole kinaruka sehemu kilichotakiwa kuteleza. Mahali pa kulika panatabirika: chini. Wengi wetu tunaendesha kati ya E na robo mwaka mzima, tunaongeza kidogo asubuhi, kidogo jioni. Boya linasuasua palepale, kidole kinasugua milimita zilezile chache, na sehemu ya juu ya ukanda inabaki mpya kabisa. Jaza gari kama hilo mpaka juu utaona mshale unatulia kwa mamia ya kilomita, kisha wazimu unarudi mafuta yakishuka. Hiyo ni ishara tosha. Tabia hiyohiyo inachosha na pampu ya ndani ya tangi, ambayo inapozwa na petroli inayoizunguka.

Mafuta mabaya yana mchango. Salfa inashambulia madini ya fedha yaliyomo kwenye migusano ya floti. Mwaka 2004 huko Florida, Marekani, petroli iliyotoka na salfa kupita kiasi iliharibu geji za magari mengi kwa mkupuo. Hapa kwetu floti iliyotoka tangini ikiwa na utando mweusi kwenye migusano huisafishi kwa kisu. Tumia spiriti na kitambaa laini, na ikibidi kifutio cha penseli, taratibu. Ukanda uliokwanguliwa hautengenezeki.

Kwenye Mercedes za zamani kama W123 na W124 muundo ni tofauti: boya linapanda na kushuka ndani ya bomba, likiteleza juu ya nyaya nyembamba kama unywele. Zinasafishika, lakini mkono mzito utazikata na hapo umekwisha.

Geji ya mafuta na ya joto zinadanganya pamoja

Kwenye magari ya zamani zaidi, baadhi ya Land Rover Series zikiwemo, geji hizi mbili zinalishwa na kidhibiti kimoja cha volti nyuma ya dashibodi. Kwenye geji za Smiths za Uingereza kinatoa wastani wa volti 10. Kikipoteza ethi yake, volti zote za betri zinapita na geji zote mbili zinasoma juu kuliko ukweli. Kikifa kabisa, zote zinalala. Kaza skrubu inayokishikilia kabla ya kukitupa. Geji zikishapona, utagundua pia kwamba injini haikuwa ikichemka.

Tangi lenye mapaja mawili

Subaru Forester, na magari mengine yenye shafti inayopita katikati kwenda nyuma, tangi lao limekaa kama tandiko la punda: paja huku, paja kule. Kila paja lina floti yake na geji inasoma jumla. Floti moja ikiharibika, nyingine ikiwa nzima, utapata geji inayosema kweli nusu ya safari. Pima zote mbili.

Kuna jingine linalofanana na hili lakini geji haina kosa. Mafuta ya paja lisilo na pampu huvutwa na bomba dogo kwenda kwenye pampu. Likiziba uchafu, gari linazimika huku lita nyingi zimebaki upande wa pili. Hata kwenye tangi la kawaida, mpira wa pampu uliopasuka au chujio lililochomoka hulifanya gari kukata tamaa likiwa na robo. Kabla hujamwita mshale mwongo, pima kilichobaki tangini.

Kufungua tangi

Subiri mafuta yashuke chini ya robo, yasimwagike ukinyanyua floti. Kwenye gari la injekta, chomoa soketi ya pampu, washa injini uiache ijizimie, ndipo mgandamizo kwenye bomba uishe. Kisha toa waya hasi wa betri. Fanya kazi nje au mahali penye hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya kwenye shimo la gereji, ukingoja sigara au jiko la mkaa la mama anayepika jirani. Tumia tochi ya betri, usitumie balbu ya waya inayoweza kuvunjika.

Pikapu na vani nyingi hazina kifuniko cha juu, tangi lazima lishushwe. Hapo ndipo uhakika wa vipimo vya mwanzo unapolipa. Na tangi likitoboka, usikubali lichomelewe kwa sababu tu limekauka. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Mafundi wazuri wa Katwe, Kampala, wanaliosha kwanza na kulijaza maji wakiacha nafasi ndogo tu pale wanapochoma. Asiyefanya hivyo, ondoka na tangi lako.

Floti ikitoka, sogeza mkono kwa kidole huku multimita imeunganishwa. Namba zipande na kushuka bila kuruka. Tikisa boya karibu na sikio. Likilia petroli ndani, lilishatoboka. Boya la shaba linazibika kwa solda ya risasi baada ya kutoa petroli yote ndani, la plastiki linabadilishwa. Unaporudisha, weka gasketi mpya. Harufu ya petroli ndani ya gari baada ya kazi hii haizoeleki, rudia kazi mpaka harufu iishe.

Kununua Kisekka

Nenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, na multimita mfukoni na floti yako ya zamani mkononi. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii inaingia gari zote." Kuingia inaingia, soketi inafanana, lakini urefu wa mkono na omu zake ni vya gari lingine. Pima kabla ya kulipa: mkono chini kabisa, karibu 110, juu kabisa, karibu 3, katikati bila kuruka. Laza ya kwako na ya kwake sambamba, linganisha urefu wa mkono na mahali boya linapoishia. Floti ya mtumba ya gari lilelile, ikipita kipimo hiki, naiamini kuliko mpya isiyo na jina.

Ikishafungwa, ongeza petroli lita 5 kwa 5 kwenye tambarare na uandike mshale unaishia wapi kila mara. Mkono unaweza kukunjwa kidogo kurekebisha. Nashauri irekebishwe kwa upande wa E, isome tupu mapema kidogo, hata kama F haitafika mstarini.

Kama pesa ya kutengeneza haijapatikana

Tumia tripu mita, kihesabu kilomita za safari kwenye dashibodi. Jaza mpaka pampu ijikate, irudishe sifuri, tembea, jaza tena, gawa kilomita kwa lita. Gari likitoa kilomita 11 kwa lita, lita 40 ni kilomita 440: zinatosha Kampala hadi Gulu, kama kilomita 330, na kubaki na akiba. Ndani ya mji hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu kwenye foleni lita zinapungua huku kilomita zimesimama, punguza theluthi. Na ukielekea Karamoja, toka Moroto kwenda Kaabong kwa mfano, jaza Moroto hata kama mshale unasema F.